Tumbawe Linapougua: Istilahi za Kueleza Hali ya Matumbawe

Katika uganga, tiba hufuata jina la ugonjwa. Jina likikosewa, tiba nayo hukosewa, na mgonjwa huumia mara mbili. Madhumuni ya makala hii ni kuyachunguza maneno tuliyo nayo katika Kiswahili ya kueleza hali ya tumbawe lililopungukiwa na afya, na kupendekeza matumizi yaliyo wazi, ili mvuvi, mwalimu wa sayansi, mtafiti na ofisa wa uvuvi waelewane wanapozungumzia jambo moja.

Tumeichagua Mbwera, iliyo katika delta ya Rufiji wilayani Kibiti, iwe mahali petu pa kusimama na kutazama. Msomaji anaweza kushangaa, kwa kuwa katika midomo ya mto huo hakuna miamba ya matumbawe. Kuna tope, mikoko na maji yaliyochanganyika. Lakini ng'ambo ya mlango wa bahari kipo kisiwa cha Mafia pamoja na visiwa vyake vidogo, na kusini kipo Songosongo, na huko kote matumbawe ni mengi. Mto Rufiji hukusanya maji ya eneo la karibu kilometa za mraba 177,000, yaani kiasi cha sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara, kisha huyamimina mbele ya miamba hiyo. Kwa hiyo mtu wa delta yuko mahali ambapo mto na mwamba hukutana, na lugha yake haina budi kuvitaja vyote viwili.

Utajiri na upungufu

Delta ya Rufiji ina mikoko inayofunika kiasi cha hekta 53,000. Watu wa huko hawaiiti miti hiyo yote kwa jina moja. Upo mkoko wenyewe, wenye mizizi inayosimama kama miguu ya kaa, upo mkandaa, upo mchu, unaochomoza vijiti vya kupumulia kutoka matopeni, upo msinzi, upo mlilana, na upo mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo. Kila jina limetokana na haja. Aliyetaka boriti hakutaka kuletewa kuni, na fundi wa mashua aliyetaka mbao za mataruma hakutaka boriti. Kazi ndiyo iliyozaa istilahi, wala hakuna kamati iliyokaa kuzibuni.

Tukiligeukia tumbawe, hali ni tofauti. Yapo maneno ya mahali: mwamba, fungu, kipwa. Lipo neno marijani, tulilolipata kutoka Kiarabu, ambalo hutumika hasa kwa lile jekundu la mapambo. Lipo neno chokaa kwa kile kinachopatikana baada ya kuyachoma. Lakini kwa mnyama mwenyewe tunalo neno moja tu, tumbawe, na kwa maradhi yake tunalo tendo moja tu: kufa. Tumbawe likiwa jeupe, husemwa limekufa. Likiwa limefunikwa na tope, limekufa. Likiwa limeota mwani, limekufa. Likiwa limevunjwa kwa baruti, nalo limekufa.

Upungufu huu una gharama, na gharama yenyewe ni hii. Tumbawe lililokuwa jeupe kwa sababu ya joto huwa bado hai kwa muda. Maji yakipoa mapema, linaweza kurudi katika hali yake. Lakini likiisha kutangazwa kuwa limekufa, mtu mwenye busara ataona hapana hasara kulichimba kwa ajili ya tanuri la chokaa, kulikanyaga, kulitilia nanga au kulikokotea juya. Neno moja lililotumiwa kwa uzembe laweza kumaliza kile ambacho joto halikukimaliza.

Jiwe au mnyama?

Chanzo cha upungufu huu ni cha zamani, na kinaeleweka. Kwa karne nyingi watu wa pwani walilijua tumbawe kama kifaa cha ujenzi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, Mafia, ni mashahidi wa jambo hilo. Mafundi walilikata tumbawe likingali bichi, kwa kuwa wakati huo ni laini na huchongeka, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Kwa fundi huyo tumbawe lilikuwa jiwe, na jiwe haliugui.

Sayansi inatueleza mambo mengine. Tumbawe tulionalo ni kundi la wanyama wadogo sana walioshikamana, ambao wengi wao kila mmoja hana ukubwa unaozidi milimeta chache. Kila mnyama ana mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri, na chini yake hujijengea kikombe cha chokaa. Mnyama huyu tunapendekeza aitwe polipu, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuingia katika mafundisho ya biolojia na linatamkika bila ya taabu. Jiwe tulionalo ni nyumba iliyojengwa na mapolipu wengi kwa miaka mingi. Matumbawe mengi ya duara hukua kwa kadiri ya sentimeta moja kwa mwaka, kwa hiyo lile lenye kimo cha meta moja huenda lilianza maisha yake karne moja iliyopita.

Hapa sarufi yetu inatupatia msaada ambao lugha nyingine nyingi hazina. Tuna ngazi tatu za kutofautisha, na kila ngazi ina upatanisho wake. Polipu ni mnyama, naye atachukua upatanisho wa viumbe: polipu anakula, polipu amekufa. Tumbawe ni kundi zima, nalo libaki katika ngeli yake: tumbawe limepona, matumbawe yamekufa. Mwamba ni mkusanyiko wa matumbawe na vyote vinavyoishi humo: mwamba umeharibika. Wako wanaopendekeza kwamba, maadamu tumbawe ni mnyama, nalo lipewe upatanisho wa viumbe. Hatukubaliani na rai hiyo. Tukisema amekufa, limekufa na umekufa, msikilizaji atatambua papo hapo kama tunazungumzia kijinyama kimoja, kundi moja au mwamba mzima, hata kabla ya kulisikia jina. Tofauti hii ni ya thamani, na haifai kuifuta.

Ndani ya mwili wa polipu hukaa viumbe vingine vya kijani-hudhurungi, visivyoonekana kwa macho matupu. Hivi ni mwani wa chembe moja. Katika sentimeta moja ya mraba ya tumbawe lenye afya vinaweza kupatikana kiasi cha milioni moja. Hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na kumpa polipu sehemu kubwa ya nguvu anayoihitaji, pengine hata asilimia 90. Tena ndivyo vinavyolipa tumbawe sehemu kubwa ya rangi yake. Kwa viumbe hivi tunapendekeza neno vimwani, yaani udogo wa mwani kwa njia ya kawaida ya lugha yetu. Umoja wake, kimwani, unafanana na jina la lugha ya pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Lakini kwa kuwa viumbe hivi hutajwa kwa wingi karibu siku zote, hatuoni kwamba pana hatari ya kuchanganya.

Kupauka

Joto la maji linapozidi, uhusiano kati ya polipu na vimwani huharibika, na vimwani hutoka au hutolewa. Nyama ya polipu haina rangi nyingi ya kwake, kwa hiyo chokaa nyeupe huonekana kupitia mwili wake. Tumbawe huwa jeupe kama karatasi, nalo bado lina uhai. Hali hii tuiiteje?

Maneno yanayoshindana ni manne: kufifia, kuchujuka, kusawijika na kupauka. Kufifia hufaa zaidi kwa mwanga na sauti. Kusawijika ni kwa uso wa mtu aliyepatwa na jambo, na tena huelekea weusi kuliko weupe. Kuchujuka kuna nguvu, kwa kuwa kanga iliyochujuka imetokwa na rangi ndani ya maji, na hivyo ndivyo inavyotokea kwa tumbawe. Lakini kanga iliyochujuka hairudi kuwa mpya, na neno hilo litamfanya msikilizaji akate tamaa mahali ambapo matumaini bado yapo.

Limebaki kupauka. Ngozi hupauka kwa jua na upepo, na ikipata mafuta hurudi. Neno linabeba chanzo, yaani jua. Linabeba dalili, yaani weupe. Na linabeba uwezekano wa kurejea. Kwa sababu hizo tunaliunga mkono, nalo tayari limeanza kutumika. Kuna neno jingine linalofanana nalo, la kupaua nyumba, lakini hakuna mtu atakayedhani kwamba tumbawe limeezekwa.

Ni muhimu kukumbuka kwamba kupauka ni jina la dalili, wala si jina la chanzo. Joto ndilo chanzo kikuu: ikiwa maji yatazidi kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto kuliko yote, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki nne hivi, kupauka hutarajiwa. Lakini mwanga mkali wa ghafla, kupungua kwa chumvi, baridi kali na sumu pia huweza kulipausha tumbawe. Anayesema limepauka amesema alichokiona. Kusema kwa nini ni kazi ya hatua inayofuata.

Kinyume cha kupauka nacho kipo. Tumbawe lililowekwa katika mwanga hafifu, au katika maji yenye mbolea nyingi, huongeza vimwani na kugeuka hudhurungi nzito. Hapa rangi imekolea. Neno kukolea latosha, wala hatuhitaji kubuni jingine.

Dalili nyingine na vitenzi vyake

Weupe si wa namna moja. Yapo maradhi ambayo nyama ya polipu hutoka vipande vipande na kuacha chokaa tupu. Mara nyingi huanzia chini, kwenye shina, na kupanda juu, huku mpaka kati ya nyama nzima na chokaa ukiwa wazi kama mstari. Hali hii tunapendekeza iitwe kubabuka, kama ngozi inavyobabuka kwa moto. Tofauti yake na kupauka ni kubwa: tumbawe lililopauka bado lina nyama, lililobabuka halina tena mahali palipobabuka. Anayetazama kwa karibu ataiona minyiri na ule utelezi wa uhai katika lile la kwanza, asivione katika la pili.

Tope likituama juu ya tumbawe, polipu hujaribu kulisukuma kwa ute. Likizidi nguvu zake, hukosa mwanga na hewa. Tumbawe hili limegubikwa. Chembe zenyewe zinazotua tuziite mashapo, neno ambalo tayari linajulikana kwa kile kinachobaki chini ya chombo.

Yuko pia mla-matumbawe, ambaye ni kiti cha pweza mwenye miiba. Hulitoa tumbo lake nje, akaifunika nyama ya tumbawe na kuiyeyusha, kisha akaondoka na kuacha kovu jeupe. Hapa tumbawe limeliwa. Baada ya siku chache chokaa tupu huota utando mwembamba wa kijani, ambao twaweza kuuita ukoga kwa kulinganisha na ule wa meno. Ukoga ukiachwa bila ya samaki wa kuutafuna, kama vile pono, hugeuka kuwa mwani mrefu, na tumbawe huwa limevamiwa. Mwisho, kuna kuvunjwa, kwa nanga, kwa juya au kwa baruti, na mabaki yake ni kifusi.

Msomaji makini ataona kwamba vitenzi hivi vimejigawa katika makundi mawili. Kupauka na kubabuka vina kiambishi cha hali: vinaeleza lililotokea bila ya kumtaja mtendaji. Kugubikwa, kuliwa, kuvamiwa na kuvunjwa vimo katika kauli ya kutendwa: vinamlazimisha msikilizaji aulize, na nani? Na nini? Tunaona kwamba mgawanyo huu ufuatwe kwa makusudi. Panapokuwa na mtendaji anayeweza kutafutwa na kuzuiwa, tutumie kauli ya kutendwa. Panapokuwa na hali isiyo na mtendaji wa karibu, au mtendaji asiyejulikana bado, tutumie kauli ya hali. Ripoti isemayo mwamba umevunjika inamficha mvunjaji. Isemayo mwamba umevunjwa inamtafuta.

Mtego wa maji baridi

Kuna tamko moja ambalo katika delta ni hatari kuliko mengine yote, nalo ni maji baridi. Kwa mazoea ya Kiswahili maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, na samaki wa maji baridi ni samaki wa mito na maziwa. Lakini maji baridi ni pia maji yasiyo na joto. Ofisa akiandika kwamba matumbawe yamedhurika kwa maji baridi, msomaji mmoja ataelewa kwamba mto umefurika, na mwingine ataelewa kwamba bahari imepoa. Vyote viwili huweza kulidhuru tumbawe, na hatua za kuchukua hazifanani hata kidogo. Tunashauri kwamba katika maandishi ya sayansi ya bahari tuseme maji matamu au maji ya mto kwa yale yasiyo na chumvi, na maji yaliyopoa kwa yale yaliyopungukiwa na joto.

Maswali matano kwa mpangilio

Maneno yakiisha kuwekwa sawa, uchunguzi huwa mwepesi. Kwa anayechunguza tumbawe lisilo na afya tunapendekeza maswali matano, yaulizwe kwa utaratibu huu.

Kwanza: ni tumbawe moja, aina moja, au yote? Likiwa moja, tafuta mla-matumbawe au jeraha. Ikiwa ni aina moja, shuku ugonjwa wa kuambukiza, ingawa joto nalo huanza na aina dhaifu, hasa zenye matawi. Yakiwa ya kila aina kwa wakati mmoja, basi jambo limo katika maji yenyewe.

Pili: weupe umeanzia wapi? Juu, upande unaotazama jua, ni dalili ya joto na mwanga. Shinani ni dalili ya kubabuka. Madoa yasiyo na utaratibu ni dalili ya kuliwa.

Tatu: nyama ingalipo? Hapa ndipo inapoamuliwa kama tutasema limepauka au limekufa. Neno kufa lisitumike kabla ya swali hili kujibiwa.

Nne: madhara yanaishia kina gani? Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, nayo huelea juu. Mafuriko ya mto yanapoufikia mwamba, matumbawe ya maji mafupi hudhurika zaidi na ya chini huweza kusalimika. Joto nalo hupungua kwa kina, lakini aghalabu halikati kama kisu.

Tano: ni msimu gani? Bahari yetu huwa na joto kubwa zaidi mwezi wa Machi na Aprili, upepo wa kaskazi unapokwisha. Lakini hiyo ndiyo miezi ya masika, na Rufiji hujaa. Kwa hiyo mbele ya delta sababu mbili hufika pamoja, na mwenye kuuliza swali hili la tano peke yake atapotea.

Historia inathibitisha ugumu huo. Mwaka 1998, baada ya El Niño ya 1997 na 1998, matumbawe yalipauka katika sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Miamba ya kusini ya Mafia, ukiwamo wa Tutia, iliathirika vibaya, ijapokuwa hifadhi ya bahari ya Mafia ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1995. Hifadhi humzuia mvunjaji, haiwezi kulizuia joto. Mwaka 2024 mambo yaliongozana hata zaidi. Mwezi wa Aprili mafuriko makubwa yaliikumba Rufiji na Kibiti. Tarehe 15 ya mwezi huohuo wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani. Na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Joto, maji ya mto na mawimbi yalikuja katika msimu mmoja. Ripoti ya msimu wa namna hiyo isemayo tu kwamba matumbawe yamekufa haimfundishi mtu yeyote kitu.

Tena bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, limekaa juu ya mto huo. Ni tabia ya mabwawa kuzuia sehemu ya mashapo na kubadili nyakati za maji. Katika miaka ijayo watu wa delta watakuwa mashahidi wa kwanza wa mabadiliko hayo, na ushahidi wao utahitaji maneno yasiyotatanisha.

Somo la tangi la kioo

Katika nchi za Ulaya, Marekani na kwingineko kuna watu wanaofuga matumbawe nyumbani katika matangi ya kioo. Kitenzi kufuga chenyewe kinakiri kwamba tumbawe ni mnyama. Mmoja wa waliotangulia ni Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye mwaka 1961 aliandika juu ya njia yake ya kutumia mawe hai kutoka baharini ili maji yajisafishe yenyewe. Tangi ni bahari ndogo, na kwa kuwa ni ndogo, makosa huonekana upesi. Ndiyo sababu wafugaji hawa wamekuwa na nidhamu ya uchunguzi inayofaa kuigwa.

Tumbawe linapodhoofika, mfugaji mwenye uzoefu hakimbilii dawa. Hupima kwanza. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Chumvi iwe kadiri ya sehemu 35 kwa 1,000. Kalsiamu iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Naitreti na fosfeti ziwe kidogo. Kisha hupima jambo moja linalotushughulisha sana sisi watu wa istilahi, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi na kumpa polipu madini ya kujengea kikombe chake. Wengi hulichanganya jambo hili na pH, kumbe si kitu kimoja. Kipimo cha pH chaonyesha maji yalivyo sasa, na hiki chaonyesha yatavumilia kiasi gani. Tunapendekeza kiitwe akiba ya alikali. Alikali ni neno lililokwisha kukubalika katika kemia, na akiba hueleza yenyewe kwamba kitu hiki hutumika, hupungua, na huhitaji kurudishwa. Katika tangi matumbawe huila akiba hiyo kila siku. Isiporudishwa, hukoma kukua na hatimaye hubabuka kutoka ncha au shina.

Kanuni ya pili ya mfugaji ni kubadili jambo moja kwa wakati mmoja, tena polepole. Anayeongeza taa, akabadili maji na kutia dawa siku moja, hatajua kamwe ni lipi lililoponya au kuua. Tena polipu huvumilia kasoro ndogo iliyodumu kuliko sahihisho kubwa la ghafla.

Baharini hatuwezi kuzima jua wala kurudisha akiba ya alikali kwa kijiko. Lakini tunaweza kupima kabla ya kusema, kutofautisha dalili na chanzo, na kuuondolea mwamba uliopauka mzigo wa pili: tusiutilie nanga, tusiukokotee juya, na tuwaache pono waendelee kutafuna ukoga. Hayo ni matunzo ya mgonjwa, wala hayafai kwa maiti. Na hapo ndipo tofauti kati ya limepauka na limekufa inapokuwa amri ya kutenda au kutotenda.

Istilahi zinazopendekezwa

Polipu: mnyama mmoja mmoja wa tumbawe (a-/wa-).

Tumbawe: kundi la mapolipu pamoja na chokaa yao (li-/ya-).

Mwamba: mkusanyiko wa matumbawe na viumbe vyake (u-/i-).

Vimwani: mwani wa chembe moja waishio ndani ya polipu.

Kupauka: kuwa jeupe kwa kutokwa na vimwani, nyama ikingalipo.

Kukolea: kuwa na rangi nzito kwa kuzidi vimwani.

Kubabuka: kutokwa na nyama na kubaki chokaa tupu.

Kugubikwa: kufunikwa na mashapo.

Kuliwa: kutolewa nyama na mnyama mwingine.

Kuvamiwa: kuotwa na mwani mrefu juu ya chokaa.

Ukoga: utando wa kwanza juu ya chokaa tupu.

Kifusi: vipande vya tumbawe lililovunjwa.

Akiba ya alikali: uwezo wa maji kuhimili asidi.

Kupona: tumbawe lilelile kurudishiwa vimwani vyake.

Kuchipua: matumbawe machanga kuota mahali pa yaliyokufa.

Kufa: kutobaki nyama hai katika tumbawe zima.

Hatima

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Yamkini katika Mbwera, Jibondo, Songosongo au Kizimkazi yapo maneno bora kuliko haya, yaliyozaliwa kazini kama yalivyozaliwa majina ya mikoko, ambayo hayajafika katika kamusi. Maneno hayo yana haki ya kwanza. Tunawaomba wasomaji wayaandike na kuyaleta, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika na maana yake kamili. Hadi hapo, ombi letu ni moja na ni dogo: anayekuta tumbawe jeupe aseme limepauka, hadi atakapokuwa ameitafuta nyama yake na kuikosa.